Bihogo wa Nkanka na Sindano Zangu

Vijana wangu mnaobeba mitungi ya mbegu za mafahali kwenye pikipiki, mmeniomba niwaandikie niliyojifunza katika kazi ya kutibu ng'ombe wasioshika mimba tena baada ya kuzaa. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi na chai imepoa mara mbili. Yale niliyojifunza yamo kwenye vitabu vyenu, tena kwa picha za rangi. Yanayonisumbua ni yale ambayo sikuyaelewa, ndiyo mengi, na nimestaafu nayo nikiwa bado nayageuza kichwani. Basi nitawaandikia hayo. Atakayeelewa aje anieleze, nyumba yangu ya Kamembe inajulikana na mbwa wangu ni mzee kama mimi.

Hapa Rusizi, upande wa Rwanda, wananiita Maman Vété, yaani mama daktari wa mifugo. Nilizaliwa ng'ambo ya mto, Bukavu, mama yangu wa kabila la Bashi, baba Mnyarwanda aliyekulia hukohuko Kongo. Nilipovuka daraja kurudi huku nilikuwa tayari mtu mzima, nina cheti cha mifugo, najua kwa Kifaransa majina ya magonjwa yote ya ng'ombe. Desturi za huku sikuzijua. Nilijua ng'ombe kuanzia mkiani kwenda mbele, mwenye ng'ombe sikumjua kabisa, na hilo mlikumbuke maana ndilo lililoniangusha.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Védaste, mhimilishaji wa zamani wa Bugarama, yaani mpandishaji wa ng'ombe kwa mrija, mfupi, mwenye mkono mrefu kuliko mwili wake. Siku ya kwanza alinivalisha glovu mpaka begani, akaniambia niingize mkono kwa ng'ombe wa mtu na nimwambie ninachokishika. Nikapapasa, nikakutana na kitu kigumu cha mviringo, nikatangaza kwa furaha kwamba ng'ombe ana mimba. Mzee akaniambia nikitoe hicho kichwa cha ndama tukione. Nikatoa. Kilikuwa kinyesi. Mwenye ng'ombe alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, na kwa muda mrefu sokoni Bugarama walikuwa wakiniuliza habari za mtoto.

"Maman," Mzee akaniambia tukiosha mikono, "ukiingiza mukono, funga macho. Na kinywa nacho funga."

Alinifundisha vitu vitatu vinne ambavyo mpaka leo sijaona homoni ya kuvishinda. Ng'ombe akishazaa, kizazi lazima kipewe muda wa kujisafisha, usikikimbilie na mbegu zako. Ng'ombe aliyekonda ovari zake hulala, na sindano haishibishi, kwa hiyo anza na pumba na jiwe la chumvi ndipo ufungue sanduku la dawa. Ndama akinyonya kutwa, mama yake atakaa muda mrefu bila kutaka dume. Na mkia, vijana, angalieni mkia. Joto, yaani ile hamu ya dume, likishapita, siku moja au mbili baadaye mkia huwa na alama ya damu kidogo iliyokauka. Mtu anaweza kukwambia hakuona kitu, lakini mkia umeona.

Marehemu mume wangu alikuwa na utani wake. Alisema mkono wangu wa kulia ameuoa yeye na wa kushoto umeolewa na ng'ombe. Alipokufa tulimzika Bukavu Jumamosi, na Jumatatu nilikuwa Bugarama, mkono wa kushoto umo ndani ya ng'ombe wa watu, kwa sababu homoni ilikuwa imeshachomwa wiki iliyotangulia na ng'ombe akishachomwa hasubiri msiba wa mtu. Watu walinisifu kwa hilo. Walisema Maman Vété ni mwanamke wa kazi, nami niliamini.

Sasa niwaambie habari za Bihogo.

Nilipigiwa simu na kijana mmoja, Innocent, anayefanya kazi kwenye machimbo ya mawe kule Muganza, kwa zamu. Kwao ni Nkanka, karibu na ziwa. Ni familia kama yangu, waliorudi kutoka Kongo, wakristo wa kanisa la kupiga ngoma na kufunga. Baba yake, Mzee Anastase, alikuwa amefariki muda si mrefu, na aliacha ng'ombe mmoja, Bihogo, mwekundu wa kuiva, mchanganyiko wa kienyeji na kizungu. Alikuwa amezaa ndama dume kabla ya msiba, ndama akaachishwa na kuuzwa, na tangu hapo kimya.

"Maman Vété," akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Kongo, chenye 'njo' badala ya 'ndio', "ile ng'ombe ya papa, tangu izae, haiyarudia dume. Maziwa nayo inapunguka. Batoto bangu njo banayakunywa, siyo kama napenda kuiuza. Lakini kama haishike mimba, kuko muntu wa bucha ya Bukavu anaingojea. Siwezi kulisha ng'ombe ya bure."

Nilipofika nilimkuta mama yake, Mukecuru Dafroza. Mukecuru ndivyo huku tunavyomwita bibi mzee kwa heshima. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani na anamkatia Bihogo majani kwa mundu, na kila akimtupia fungu anamsemesha kidogo. Akaniambia, "Bihogo njo kitu Mzee aliniachia. Maman, unisaidie isiende kwa bucha." Macho yake yalikuwa yanalia bila machozi. Nilimwonea huruma, nikaapa moyoni kwamba huyu ng'ombe hatavuka mto.

Nikaingiza mkono. Ovari ndogo, laini, zimelala fofofo. Nikafanya kama alivyonifundisha Mzee Védaste: kwanza chakula. Innocent akaleta pumba za mpunga kutoka vinu vya Bugarama, nikaleta jiwe la chumvi, na Bihogo akaanza kujaza mbavu. Aliponenepa nikamwekea kile kijiti cha plastiki chenye homoni, mnakijua, kinachokaa ukeni wiki moja na kitu kikimdanganya ng'ombe kwamba ana mimba. Ukikitoa na kumchoma sindano ya pili, mwili unashtuka na joto linakuja. Siku nilipokitoa nikamwambia Mukecuru, "Siku mbili tatu hivi ataanza kulia. Ukimsikia analia, ukiona ute unaning'inia kama ute wa yai, unipigie simu palepale."

"Ndiyo, Maman," akasema, huku anaangalia majani.

Simu haikulia. Nikangoja, nikapanda pikipiki nikaenda. Ilikuwa masika, njia yote ya Nkanka ni tope mpaka kwenye ekseli, lakini Bihogo nilimkuta anang'aa. Ameoshwa kuanzia pembe mpaka kwato, na mkia wake umechanwa kama nywele za bibi harusi.

"Mukecuru, mmemwogesha ng'ombe?"

"Usafi, Maman. Munatufundishaka usafi."

Nami nikamsifu. Nilisimama pale nikamsifu kwa usafi wake, nikamwambia laiti wafugaji wote wangekuwa kama yeye. Kisha nikaingiza mkono nikakuta kwenye ovari kiuvimbe laini, kile kinachobaki baada ya yai kutoka. Maana yake joto lilikuja na kupita. Nikauliza kama hakulia. Hakulia. Ute? Hakuna ute. Nikajiambia kuna ng'ombe wenye joto la kimya, vitabu vinasema, basi huyu ni mmoja wao. Lakini nilirudi Kamembe nimechanganyikiwa, kwa sababu Bihogo hakuwa na sura ya ng'ombe wa kimya. Alikuwa na domo.

Wajanja miongoni mwenu wataniuliza kwa nini sikupandisha kwa saa iliyopangwa, bila kungoja dalili. Ndivyo nilivyofanya mara ya pili. Nikarudia kijiti, nikarudia sindano, na siku iliyopangwa nikaenda na mtungi wangu, thermos ya maji ya moto, mrija wa mbegu umechaguliwa kabisa. Zizi lilikuwa tupu.

"Bihogo yuko wapi?"

"Iko kwa shangazi ya Innocent, ku mulima," Mukecuru akasema. "Hapa majani iliisha."

Nyuma yake majani ya tembo yalikuwa yamesimama kijani kibichi kimo cha mtu. Niliyaangalia mimi, naye akayaangalia. Katika kazi yangu yote nimewahi kukosa ng'ombe kwa sababu ya kufa, ya kuibwa, ya kutumbukia mtaroni, lakini ng'ombe aliyekwenda kutembelea shangazi siku ya kupandishwa, huyo alikuwa wa kwanza. Nikarudi na mbegu zangu.

Sasa nikaanza kushuku kila kitu. Nilishuku dawa, nikaenda duka la dawa kuangalia frigo, nikakuta homoni zangu zimekaa pamoja na soda na nusu sahani ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa. Niligomba mpaka watu wakasimama mlangoni. Nilishuku pumba. Nilishuku maji ya ziwa. Nilijishuku mwenyewe, kwamba mkono umezeeka na sasa unashika vitu ambavyo havipo, kama ile siku ya kinyesi. Msidharau jambo hilo, ni baya sana mtu kutouamini mkono wake. Na huku Innocent ananipigia simu kutoka Muganza, nyuma yake malori yananguruma, ananiambia mtu wa bucha amechoka kungoja.

Nikampigia Mzee Védaste, wakati huo yuko hai bado, masikio yamekufa. Nikamwelezea kwa kupaza sauti mpaka majirani wangu wote wakajua habari za ovari za Bihogo. Akaniuliza mkia ulikuwaje. Nikamwambia umeoshwa.

"Ng'ombe anajioshaka mukia?" akauliza, akakata simu.

Siku ya pili yake nikashuka Nkanka. Njiani, kabla ya kufika kwa Mukecuru, kuna jirani yake anayeanika sambaza kwenye neti. Nilimsalimia, nikamuuliza tu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama amewahi kumsikia ng'ombe wa Mukecuru akilia.

"Bihogo?" akasema. "Maman, ile ng'ombe ililia siku ya ibada mpaka pasta akafunga madirisha. Na Mukecuru alikuwa anasimama mu kizizi anaimba cantique ya kanisa na nguvu yake yote, karibu na sikio ya ng'ombe. Tulisema masikini, kilio ya bwana yake inamuchanganya akili."

Niliingia kwa Mukecuru nimefura. Niseme ukweli, nilijiona mjinga, na mtu akijiona mjinga hutafuta wa kumtupia. Nilimkuta kwenye hori la ng'ombe. Nikamwambia, bila hata kuketi, "Mukecuru, Bihogo alilia."

Hakukana. Aliweka mundu chini polepole.

"Ililia," akasema.

"Mara zote mbili?"

"Zote. Ile ya pili tukaipeleka ku mulima ikiwa inalia njia yote."

"Na mkia?"

"Niliuosha."

"Sasa juu ya nini? Uliniomba mwenyewe nimwokoe asiende kwa bucha. Unataka nini, Mukecuru?"

Akaniambia niketi kwenye ukingo wa hori, naye akaketi. Bihogo akaweka kichwa katikati yetu akiendelea kutafuna. Ndipo mama yule akanieleza jambo ambalo mtoto yeyote aliyekulia kwenye milima hii angelifahamu, na mimi na cheti changu sikulijua. Baba wa nyumba akifa, watu wake wanaingia katika kipindi cha weusi, kwirabura wanakiita. Katika kipindi hicho, kwa desturi ya wazee, hakuna kinachoanzishwa. Mume na mke hawakutani. Mbegu hazitiwi ardhini. Na fahali hutengwa na ng'ombe, asimpande yeyote, mpaka siku familia itakaponyolewa na kuoga na kutoka weupe. Na anayewatoa ni mtoto mkubwa wa kiume. Mjane hawezi kujitoa mwenyewe.

"Lakini mliondoa msiba," nikasema. "Innocent aliniambia. Pasta alikuja."

"Pasta alikuya, akaomba, tukakunywa Fanta, akasema imeisha. Sikusema kitu. Innocent akapanda maharage. Sikusema kitu. Bazaliwa upya hawapende bintu bya bazee, banasema ni giza. Kuku nazo zinapandana, nani anaweza kuchunga kuku? Bihogo njo kitu kimoja kilibakia mu mukono yangu." Akamfuta Bihogo tongotongo kwa ncha ya kitenge. "Mzee alikuwa anaiita kila asubuhi. Nitaifanyaje iendelee, sawa vile hakukufa muntu?"

"Na wakimuuza?"

"Banaweza kuiuza. Innocent akipiga simu, nakuya kuketi hapa na Bihogo mpaka jioni. Lakini kama inaenda, iende bila mimi kumuvunjia Mzee heshima."

Hasira yangu yote ikaniisha, nikabaki sina pa kuiweka mikono. Kisha nikajiona mwerevu. Nilifikiri nimepata njia. Nikamwambia, Mukecuru, desturi inasema fahali asimpande. Mimi sileti fahali. Hakuna dume litakaloingia kwako, ni mrija mdogo kuliko kijiti cha ufagio, umetoka mbali, umekaa kwenye baridi. Sindano zangu si mume wa mtu.

Alifikiri kwa makini. Nilidhani nimemshinda.

"Unasema haiko dume."

"Haiko."

"Sasa ile katoto itakuwa bila baba?" akaniuliza. "Mu hii nyumba, tena?"

Vijana, nimejibu maswali ya madaktari na wakaguzi. Mbele ya hilo nilifunga macho na kinywa kama alivyonifundisha Mzee Védaste, ingawa mkono wangu haukuwa ndani ya ng'ombe.

Innocent alikuja mwisho wa juma, siku yake ya mapumziko. Mtu wa bucha angefika kesho yake. Nilikuwa nimekaa siku hizo nikijiuliza kama siri ya mjane ni yangu kuisema. Mukecuru hakunikataza wala hakuniruhusu. Mwishowe nikaona nikinyamaza ng'ombe atakwenda, na mjane naye hatapona. Nikamngoja Innocent kwenye njia, juu ya shamba lake la maharage, nikamwambia yote.

Kwanza alicheka. "Maman, tuko bakristo. Tuliondoa deuil ya papa, kila muntu alikuwako."

"Wewe uliondoa. Mama yako hayatoka."

"Na juu ya nini hakuniambia?"

"Juu ulikwisha kupanda maharage."

Akageuka kuliangalia shamba. Yalikuwa yameanza kutoa maua. Akashika jani moja, akaliachia. Niliogopa nimeharibu, kwamba atashuka akamgombeze mama yake kwa kumwaibisha mbele ya kanisa.

"Papa angalikuwa hapa angalinipiga," akasema. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mutoto mukubwa njo anamalizaka ile kilio?"

"Njo vile anasema."

Akatoa simu, akamwambia mtu wa Bukavu, "Ngoja kwanza. Hapana kuvuka kesho." Hakueleza sababu.

Walitoka weupe Jumapili iliyofuata baada ya ibada. Nilialikwa, na mpaka sasa sijui kama nilialikwa kama mgeni au kama daktari wa ng'ombe. Pasta naye alikuwepo, yeye aliambiwa ni maombi ya shukrani, akaomba vizuri sana na kurefusha. Alipokwenda zake, Innocent akaleta beseni na wembe mpya. Akamfungua mama yake kile kitambaa cheusi, akamnyoa mwenyewe, polepole, akimshika sikio lisikatwe, naye akanyolewa, na wajukuu wakafuata wakigombania zamu kwa sababu waliona ni mchezo. Wakamiminiana maji. Mukecuru alimwita marehemu kwa jina mara moja tu. Pombe ya ndizi haikuwepo kwa ajili ya kanisa, tukanywa tena Fanta. Innocent alilia waziwazi, kijana mwenye mabega ya kuvunja mawe, nami nikalia pia ingawa sikumjua Mzee Anastase.

Nikapanga kuanza matibabu ya tatu. Nilikuwa hata sijanunua kijiti. Wiki hiyohiyo simu ikalia, na ilikuwa mara ya kwanza Mukecuru kunipigia tangu tujuane.

"Maman, kuya. Bihogo inalia."

Bila kijiti na bila sindano. Sasa nielezeni ninyi. Yawezekana ni zile sindano za mwanzo zilizoziamsha ovari, zikaanza kuzunguka zenyewe, jambo hilo lipo. Yawezekana ni pumba za Bugarama. Yawezekana ilikuwa tu tarehe yake, maana ng'ombe aliyeamka hurudia joto kila baada ya wiki tatu hivi, nami nikihesabu kwa vidole napata karibu, halafu nikihesabu tena napata mbali. Au yawezekana alikuwa akilia siku zote vilevile, na kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu wa kusema. Nalala na moja, naamka na jingine.

Nilifika nikakuta ute unaning'inia safi kabisa na mkia mchafu kama mkia unavyopaswa kuwa. Nikavaa glovu, nikayeyusha mrija kwenye maji ya moto. Mukecuru, kichwa kimenyolewa kinang'aa, akaniwekea mkono wake kifuani.

"Kwanza nionyeshe baba yake."

Sikuelewa. Akarudia. Nikavua glovu, nikatafuta kwenye simu picha za mafahali ambazo wauza mbegu hutuletea, nikampata yule wa mrija wangu, fahali mwekundu amesimama kwenye majani ya nchi ambayo siijui. Mukecuru alivaa miwani. Alimtazama uso, akamtazama miguu, akaniuliza jina lake, nikamsomea namna nilivyoweza.

"Iko na macho ya kutulia," akasema. "Sawa. Aingie."

Bihogo alishika mimba kwa mrija huo mmoja, akazaa ndama jike mwekundu kama yeye, na yule mtu wa bucha akatafuta ng'ombe mwingine. Tangu hapo popote nilipokwenda kumchoma homoni ng'ombe asiyerudi kwenye joto, nilipima mbavu, nikaangalia ndama, nikaangalia mkia, na kabla ya glovu niliuliza kama kuna mtu amekufa kwenye nyumba hiyo. Wenzangu walinicheka. Sijui kama swali hilo liliwahi kumpa ng'ombe mimba, lakini mara kadhaa watu waliacha walichokuwa wakifanya wakaketi.

Lakini siku ile ya picha, nilipomaliza, Mukecuru alileta jagi la maji na sabuni ili ninawe, kama inavyofanywa kwa kila mhimilishaji katika kila nyumba. Nikainamisha mikono. Akamimina, nikasugua mpaka kwenye kiwiko.

"Bwana yako alikufa, ama?" akaniuliza.

"Alikufa. Bukavu."

"Na weye, nani alikutoa mu weusi?"

Nikamwambia tulimzika Jumamosi na Jumatatu nilikuwa kazini, kwa sababu ng'ombe mmoja alikuwa ameshachomwa. Nilisema kama ninavyosema siku zote, kama jambo la kusifiwa. Yeye hakusifu. Nikaona sabuni imekwisha mikononi na mimi bado nasugua, na nikatambua kwamba hakuna aliyewahi kunitoa.

Maji yalikuwa yamekwisha kwenye jagi. Mukecuru akamwita mjukuu, akamtuma alijaze tena, akaniambia nisiondoe mikono.